Upweke na Ubaguzi kwa Crooks

SWALI: Mambo mhariri, mi niko fomu siksi, tiicha katupa kazi ya upweke na ubaguzi kwenye riwaya ya Of Mice and Men ya Steinbeck (1937), sasa mbona naona kama ni kitu kimoja, nazitenganishaje?

JIBU: Usizitenganishe kwa nguvu mdogo wangu, we nenda moja kwa moja kwa Crooks, yule mhudumu wa farasi. Ndo mweusi peke yake pale shambani California, analala chumba cha vifaa vya farasi, wenzie wakicheza karata usiku yeye haruhusiwi kuingia kisa rangi. Cheki vitu vyake: miwani, kamusi iliyochakaa, na kitabu cha sheria za California cha 1905, yani mtu haki zake anazijua kabisa ila hana wa kumwambia! Ndo maana Lennie, yule kibarua mwenye akili ya kitoto, alivyoingia chumbani kwake, Crooks akaanza kumtesa kwa maneno, hapo roho huniuma kweli. Halafu mke wa Curley, mtoto wa bosi wa shamba, naye mpweke vilevile, hata jina hana, lakini anamtishia Crooks kwamba anaweza kumfanya anyongwe mtini na Crooks ananywea kabisa. Hapo andika sana, wapweke wawili na bado mmoja ana nguvu juu ya mwenzie, wanafunzi wengi wanaparuka hapo.