Milioni 200 kabla ya pesa kuingia, au baada?

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 24. Mimi na mwenzangu tuna kampuni changa Morogoro, programu ya simu inayowaunganisha wafugaji wa kuku na wauza vifaranga. Mwekezaji anataka kuweka shilingi milioni 50, anasema kampuni ina thamani ya milioni 200. Amependekeza tutumie mkataba wa SAFE. Sijui hata niulize nini.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Muulize kwanza: hiyo milioni 200 ni kabla ya pesa yake kuingia, au baada? Kama ni kabla, pesa ikiingia kampuni inakuwa ya milioni 250, naye anachukua asilimia 20. Kama ni baada, anachukua 25. Nimeshakaa na vijana waliopeana mikono kila mtu akiwa na hesabu yake kichwani, wakaja kugundua siku ya kusaini. Inauma.

SAFE si mkopo. Haina riba wala tarehe ya kulipa. Anatoa pesa leo, hisa atazipata mtakapouza hisa kwa bei rasmi baadaye. Ilitungwa na Y Combinator, kampuni ya Marekani inayowekeza katika kampuni changa, mwaka 2013, na 2018 wakaleta toleo ambalo ukomo wa thamani (thamani ya juu kabisa ya kampuni itakayotumika kuhesabu hisa za mwekezaji) unajumlisha pesa zote za SAFE. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo chukua karatasi tuandike.

SAFE ya kwanza: milioni 30, ukomo milioni 300. Hiyo ni asilimia 10. Ya pili: milioni 40, ukomo milioni 400. Asilimia 10 nyingine. Ya pili haimpunguzi yule wa kwanza hata kidogo. Zote mbili zinawakata ninyi waanzilishi, mnabaki na 80. Akija mwekezaji mkubwa akanunua asilimia 20, kila mtu anapunguzwa sehemu ya tano ya alichonacho, nanyi mna 64. Gawaneni wawili: 32 kila mmoja. Andika jedwali hilo kabla ya kila sahihi, si baada.

Mkataba wenyewe umeandikwa kwa kufuata sheria za Marekani, basi mpe wakili wa hapa Tanzania ausome.

Halafu kaa na mwenzako. Kubalianeni hisa zenu ziive kidogo kidogo kwa miaka minne, yaani kila mmoja azimiliki kadiri anavyoendelea kufanya kazi, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha asiondoke na kitu. Ni mazungumzo magumu kwa marafiki, najua, lakini yafanyeni wiki hii, kabla pesa ya mtu haijaingia benki.