Bunduki ya askari wa Tanga, 1914

Umeuliza askari wa Mjerumani katika hadithi yako ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, ashike bunduki gani. Usimpe ile ya kisasa ya risasi tano. Mpe Mauser ya mwaka 1871, maana kampuni nyingi za Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani, zilikuwa bado nazo vita vilipoanza. Inabeba risasi moja tu, nene, ya milimita 11, na baruti yake ni ya moshi. Utamu wote wa hadithi uko hapo: akifyatua, wingu linamziba macho, na adui anajua papo hapo alikojificha. Tena bunduki hiyo haitupi ganda yenyewe. Askari anavuta komeo nyuma, anailaza ubavu ganda lidondoke, kisha anatia risasi nyingine kwa vidole. Usiiruke hatua hiyo hata kidogo, msomaji atakaa roho juu! Waingereza walioshambulia Tanga, waliposhindwa na kurudi melini, waliacha bunduki za kisasa za kutosha kampuni tatu, bombomu 16 na risasi 600,000, kwa hiyo sura inayofuata mhusika wako anaweza kabisa kubadilisha silaha.