Nani Mwenye Kauli Juu ya Masomo ya Watoto Wetu?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Ujiji na ninafanya biashara ya dagaa katika mwalo wa Kibirizi. Katika mkutano wa wazazi baadhi yetu tuliomba watoto wafundishwe mambo ya ziwa na ya michikichi, kwa kuwa wengi wao watatafuta riziki huku huku. Mzazi mwingine alitaka mada ya afya ya uzazi iondolewe kabisa. Mwalimu mkuu alitujibu sote kwamba mtaala unatoka juu, naye hana mamlaka ya kuongeza wala kupunguza. Je, ni kweli kwamba wazazi hatuna kauli? Na je, ingekuwa haki tuwe nayo?
Mzazi, Ujiji, Kigoma

JIBU: Marahaba, mama. Kisheria mwalimu mkuu wenu hakukosea. Sera hutolewa na Wizara ya Elimu, mitaala huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo chanzo chake ni chombo cha ukuzaji mitaala kilichoundwa mwaka 1975, na mitihani hutungwa na Baraza la Mitihani. Kamati ya shule, ambayo wazazi mna wajumbe wenu ndani yake, husimamia maendeleo ya shule, lakini haina uwezo wa kubadili muhtasari wa somo.

Utaratibu huo ninauunga mkono, na sababu yangu ni ya kihistoria. Wakati wa ukoloni shule zilitengwa kwa rangi, za Wazungu mbali, za Waasia mbali na za Waafrika mbali, na mtoto aliyepangiwa elimu duni alikuwa amefungiwa mlango kabla hajajua kusoma. Uhuru ulipopatikana ubaguzi huo ulifutwa. Kama leo kila wilaya ingejiamulia masomo yake, ninahofia kwamba watoto wa wavuvi wangeishia kufundishwa uvuvi, na fizikia ingebaki kwa watoto wa miji mikubwa. Mtoto wako ana haki ya kurithi biashara yako, na ana haki ile ile ya kuwa daktari.

Hata hivyo, kusema kwamba mtaala unatoka juu ni nusu tu ya jibu. Mtaala hutaja ujuzi ambao mtoto anapaswa kuupata. Haulazimishi asilimia zifundishwe kwa maembe ya kwenye kitabu. Darasa likipima ndoo mbili za dagaa wabichi, likaanika moja kwenye chanja na nyingine mchangani, kisha likapima tena dagaa wakishakauka, hapo pana hesabu, pana sayansi ya maji kugeuka mvuke, na pana swali ambalo wewe, mama, ungelieleza vizuri kuliko mwalimu: kwa nini dagaa wenye mchanga hukosa bei. Vivyo hivyo, mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wazaliane, na kila nyumba mwambao iliguswa na uamuzi huo. Somo la sayansi likieleza uzazi wa samaki, na la jiografia likieleza kwamba ziwa hili tunalimiliki pamoja na Burundi, Kongo na Zambia, mwalimu hajavunja agizo lolote.

Kinachomzuia mara nyingi ni mtihani. Mwalimu mwenye darasa lililofurika, ambaye kazi yake hupimwa kwa ufaulu wa darasa la saba, atafundisha kinachotahiniwa, na hata mimi simlaumu. Mwalimu Nyerere alilieleza tatizo hili mwaka 1967 katika andiko lake Elimu ya Kujitegemea, akitaka mitihani isitukuzwe kupita kiasi, na bado linatukabili. Kwa hiyo, ukiniuliza ni nani hasa anayeamua mtoto afundishwe nini, nitakujibu kwamba ni yule anayetunga mtihani.

Sera ya elimu iliyofanyiwa mapitio mwaka 2023 imeleta mitaala mipya, iliyoanza kutumika Januari 2024, na sekondari sasa zina mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi. Ninaifurahia hatua hiyo, ila amali isiyo na karakana, vifaa wala mwalimu wa fani itageuka kuwa maelezo ya kunakili ubaoni. Hapo ndipo sauti ya wazazi inapohitajika sana.

Kuhusu afya ya uzazi, sikubaliani na mzazi mwenzako. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi shuleni, na shule inayowapokea wasichana hao haiwezi wakati huo huo kunyamazia elimu ambayo ingewasaidia kujilinda. Mzazi ana haki ya kujua mada hiyo inafundishwa katika umri gani na kwa lugha gani, na akiona haifai alalamike. Haki ya kumnyima mtoto wa mwenzake maarifa hayo hana.

Katika mkutano ujao, msiombe somo jipya, kwa sababu mtajibiwa vile vile. Mwombeni mwalimu wa sayansi awaoneshe mada za muhula huu, kisha mtafuteni miongoni mwenu nani anakausha dagaa, nani anakamua mawese na mise (mafuta ya kiini cha mbegu ya mchikichi), nani anaunda mitumbwi, na mkubaliane ni siku gani kila mmoja atalipokea darasa mahali pake pa kazi. Taasisi ya Elimu nayo hupokea maoni ya wadau inapopitia mitaala. Andikeni kupitia kamati ya shule, na katika barua hiyo ombeni kwamba kazi za vitendo za namna hii zihesabiwe katika alama za mtoto.