Ahirisha greda, kwanza hesabu visiki

Mkuu, mpigie simu mwenye greda sasa hivi umwambie asije Jumamosi. Mengine tutaongea baadaye.

Kwa mliochelewa kuufungua uzi huu: mleta mada kanunua kiwanja Nala, hapa Dodoma, anataka bustani ya miti ya asili itakayoleta ndege, vipepeo na nyuki. Kauliza apande miti gani na vichaka gani, miche ataipata wapi, ikae umbali gani na shimo la maji taka, na beseni la maji ya ndege aliweke wapi. Katikati ya hayo kapenyeza sentensi moja, kwamba Jumamosi greda linakuja "kusafisha vichaka vyote ili nianze upya". Wachangiaji mmeshindana kumtajia majina ya miti na hakuna aliyeigusa hiyo sentensi. Mimi imeninyima usingizi, maana nimeshaipitia njia hiyo na najua inaishia wapi.

Kiwanja changu kipo Michese, Dodoma hii hii. Nilikikuta na vichaka vya miba, vingine vya magotini, vingine vya kiunoni, na visiki vya miti iliyokatwa zamani kwa mkaa. Nikaitiwa jamaa mmoja anayejiita mtaalamu wa mandhari, ana bustani ya miche kando ya barabara. Akazunguka eneo, akasema: "Bosi, hili ni pori, na pori maana yake nyoka. Safisha mpaka uone udongo mwekundu, miti nitakuletea mimi." Aliongea kwa uhakika wa mtu aliyesomea, nikamkubalia. Greda likaingia asubuhi, mpaka jioni kazi imekwisha. Likachuna udongo wa juu wote, likasukumia vichaka na visiki kwenye kona, vikapigwa kiberiti. Majirani wakanipa hongera kwa kiwanja kusafishika.

Sasa naomba unielewe vizuri hapa. Kile unachokiona Nala ukakiita kichaka, sehemu kubwa si kichaka. Ni mti. Ni mgunga, mkole au mlama uliokatwa miaka mingi iliyopita, na kila unapochipua mbuzi wanapita wanaula, au mtu anapitisha panga anatafuta kuni. Juu unaonekana mfupi, lakini chini una mizizi ya mti mzima, imeshapenya udongo mgumu na kufika kwenye unyevu, na imejaa akiba ya chakula. Mti huo haujafa. Unasubiri tu kuachwa. Ukiupunguzia machipukizi na kuwazuia mbuzi, mvua ya kwanza ikinyesha unaruka juu kwa kasi ambayo hakuna mche wa kiriba, yaani wa mfuko wa plastiki, utakaoifikia, kwa sababu mche unaanza kujenga mizizi wakati kisiki kilishamaliza kazi hiyo. Na maji ya kununua ya gari la boza hauhitaji.

Mizizi hiyo ndiyo niliyolipia ing'olewe.

Mvua za Desemba zikaja. Mnazijua mvua za Dodoma: milimita kati ya 500 na 600 hivi kwa mwaka mzima, zote ndani ya msimu mmoja wa kuanzia mwisho wa Novemba mpaka Aprili, na zikiamua kunyesha zinanyesha kwa hasira. Udongo ulioachwa uchi ukipigwa na matone makubwa unajifunga juu, unatengeneza gamba, na maji badala ya kuzama yanakimbia. Yakakimbia na udongo wangu hadi barabarani, yakaniachia korongo kutoka kona moja ya kiwanja hadi nyingine. Fundi wa msingi alilazimika kulijaza kwa kifusi, na hiyo gharama hakuna aliyenitajia mwanzoni.

Mtaalamu akaleta miti yake. Miashoki mstari mmoja ukutani, mijohoro, mikrismasi. Mwashoki asili yake ni India na Sri Lanka, mjohoro ni Asia ya Kusini-Mashariki, mkrismasi ni Madagaska. Nilimwambia tangu siku ya kwanza kwamba nataka miti ya asili ya hapa, akanijibu kuwa hii "imeshazoea". Imeshazoea maji ya boza! Kuanzia Juni upepo ulipoanza, miashoki ikakauka kuanzia nchani kuja chini, huku nikiwa nalipia boza kila wiki. Iliyobaki ikaingiliwa na mchwa, maana nilikuwa nimechoma kila jani na kila kijiti, mchwa hawakuwa na kitu kingine kikavu cha kula pale zaidi ya miche yangu. Siku moja niling'oa mwashoki uliokufa nione shida ni nini. Mizizi ilikuwa imejizungusha na kusokotana kwa umbo lile lile la kiriba, haijatoka hata kidole kimoja kuingia kwenye udongo. Mche ulikaa kwenye kiriba muda mrefu mno kabla ya kuuzwa. Nilipompelekea ule mzizi aliutazama, akasema sikumwagilia vizuri.

Nina hasira na huyu mtu mpaka leo na sioni haya kusema. Anayeishi kwa kuuza miche hawezi kukwambia uache kisiki chako, kwa sababu kila kisiki unachokiacha ni mche mmoja ambao hutanunua. Na wapo wengi mjini hapa. Tangu serikali ihamie na kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani izinduliwe mwaka 2017, kila mwenye viriba amekuwa mtaalamu. Kampeni ni nzuri, naiunga mkono kwa moyo wote. Ila kijani cha kung'oa miti ya Ugogo, nchi hii ya Wagogo, ili kupanda miti ya Asia mimi sikitaki kwenye kiwanja changu.

Jirani yangu upande wa mashariki ni mzee wa Kigogo aliyetokea Kongwa. Yeye hakuleta greda. Alipita na panga, kwenye kila kisiki akachagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine akayakata. Yale aliyoyaacha akayapogoa matawi ya chini, akafunga kitambaa kwenye kila shina ili vijana wa kuchunga waone kwamba lina mwenyewe, na miba aliyokata akaizungushia chini kuzuia mbuzi. Basi. Nilipomwamkia na kumuuliza alijifunza wapi, akaniambia: "Mwanangu, hii ni kisiki hai. Kwetu tumeifanya mashambani." Ni njia ambayo mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit wamekuwa wakiifundisha vijijini Dodoma tangu 2018, ingawa wazee wengi wanasema kuacha machipukizi yakue ni jambo la zamani.

Nendeni mkaone kwake leo. Mikole imempita kimo. Ikizaa, ndege kama shore na pugi wamo humo tangu alfajiri. Kwenye mgunga wake mkubwa kuna wale ndege wanaojenga viota vya nyasi kavu vyenye milango miwili chini. Kiota kikiwekwa mayai, wanaziba mlango mmoja. Nilisimama chini ya huo mti nikamwona mmoja wao, mnana, anafunua jani lililokunjwa, anatoa kiwavi, anaondoka nacho. Hapo ndipo nilipoelewa swali lako la ndege linajibiwa na nini. Mnana mkubwa anakula mbegu, lakini kifaranga chake anakilisha wadudu. Wadudu wengi wa kula majani wanajua majani ya miti waliyoishi nayo tangu zamani. Ukipanda mwashoki, umepanda nguzo ya kijani, viwavi wa Ugogo hawana habari nayo. Kiwavi asipokuwepo, kifaranga hana chakula, hata ukiweka mabeseni ya maji kila kona.

Na usidhani hii ni ya kiwanja kidogo tu. Kondoa, kaskazini mwa mkoa wetu, palikuwa na makorongo mekundu ya kutisha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, wakachimba makinga maji, wakapanda miti. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Uoto wa asili ukarudi wenyewe, kwa visiki na mbegu zilizokuwa ardhini, kwa wingi ambao hakuna bustani ya miche ingeweza kuufikia. Uamuzi wa kuondoa mifugo ulikuwa mchungu kwa wafugaji na bado unajadiliwa, lakini vile vilima vya Kolo vimejaa miti hadi leo, mpite muone.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia kila uzi wa bustani utakaofunguliwa humu: usinunue mche kabla hujahesabu visiki vyako, na usisafishe chochote kabla hakijapita msimu mmoja wa mvua. Vingi vinavyoonekana vimekufa mwezi wa tisa vitachipua Desemba, na ndipo utajua una nini.

Kabla ya msimu huo, safisha kwa jembe na panga pale tu nyumba itakapokaa, njia ya gari, na hatua chache kuzunguka kuta. Hilo la kuta ndilo jibu la nyoka pia. Nyoka wanapenda rundo la tofali, mawe na kuni lililoegemea ukuta, hilo uliondoe. Mgunga uliopogolewa chini, unaoonekana mpaka shinani, hauna pa kumficha.

Msimu ukipita, pengo likibaki ndipo upande. Mkwaju uweke mbali na nyumba kwa sababu unakuwa mkubwa, na nyuki wanaufuata ukichanua. Mbuyu upande hata kama hutauona ukizeeka. Maua yake yanafunguka usiku na popo ndio wanaoyachavusha, na mashimo ya mibuyu mikubwa ndiyo nyumba ya wale kasuku wadogo wa kijani wenye shingo ya njano. Shubiri panda nyingi, zinachanua kiangazi na ndege chozi watakuja bila kualikwa. Uzio wa minyaa ni mzuri kuliko waya, ila utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari, watoto waambiwe. Mbegu za mgunga mwagia maji yaliyochemka, ziache zilale humo mpaka asubuhi, la sivyo ganda halitafunguka. Ukinunua mche popote, chana kiriba mbele ya muuzaji. Ukikuta mizizi imejizungusha, mwachie mwenyewe.

Piga picha visiki vyako, shina na jani kwa karibu, uziweke humu, wapo watu watakaokutambulishia kimoja kimoja. Mbegu za mkole na mkwaju ninazo kwenye kopo, mzee kanipa. Ukipita Michese nitumie ujumbe, nitakugawia bure.