Kipimo cha seli za mkojo hakikuona kitu, lakini damu bado inatoka

SWALI: Daktari, nina miaka 51, nimekulia Maswa na utotoni niliugua kichocho. Mwezi wa tatu sasa nakojoa damu, bila maumivu. Kipimo cha seli za mkojo kimesema hazikuonekana seli za saratani. Muuza dawa za miti shamba anasema basi nimepona, ninunue tu dozi ya kusafisha kibofu. Niache kuhangaika?

JIBU: Usiache. Jibu lako linasema seli za saratani hazikuonekana kwenye slaidi ile, yaani kioo kinachosomwa kwa hadubini. Halisemi kibofu hakina uvimbe. Wengi wanapotelea hapo, na inaniuma, maana vinyama vilivyokatwa kwenye vibofu vyao huja kwangu baadaye nivipime, uvimbe ukiwa umeshaingia kwenye misuli ya kibofu.

Hadubini huona seli zilizobanduka tu. Uvimbe mkali hubandua seli zenye kiini kikubwa, cheusi. Hizo hazijifichi sana. Uvimbe mpole hubandua seli zinazofanana mno na za kawaida. Kwako wewe ninahofia saratani ya seli bapa. Ulaya ni nadra, lakini mayai ya kichocho yakinasa kwenye ukuta wa kibofu huuchokoza miaka na miaka, hadi utando wake unabadilika. Seli zake kwenye slaidi ni kama magamba ya rangi ya machungwa, mengine hayana hata kiini, yamezama kwenye damu na usaha. Msomaji mwenye haraka ataandika “maambukizi” na kufunga faili.

Na je, ulipeleka mkojo wa kwanza wa asubuhi? Huo haufai kwa kipimo hiki; seli zimekaa humo usiku kucha, zimeharibika. Utakiwao ni wa baadaye, ufike maabara upesi.

Hata hivyo usirudie kipimo ukaishia hapo. Unahitaji kamera ya kibofu, na kinyama kikatwe penye shaka. Mweleze daktari habari ya kichocho hata asipouliza.

Huyo muuza dawa anakudanganya. Damu ya uvimbe hukata yenyewe, ikarudi baada ya wiki au miezi. Ikikata ukiwa na chupa yake, sifa anachukua yeye. Maduka ya dawa nayo yanagawa vidonge vya U.T.I. (maambukizi ya njia ya mkojo) mara ya pili, ya tatu, bila mkojo kuoteshwa maabara kutafuta vijidudu. Prazikwanteli yenyewe, dawa ya kichocho, huua minyoo, haigusi uvimbe. Mtu mzima akikojoa damu bila maumivu, hata mara moja, achunguzwe kibofu na figo kabla hajameza chochote cha “kusafisha”.