Maswali na Majibu: Sungura Waliozagaa Mtaani

Shikamoo mzee. Jirani kahama, kaacha banda wazi. Sasa sungura wamejaa uani, wanachimba mpaka chini ya ukuta. Au ni sungura pori? (Raskazone, Tanga)

Marahaba. Sungura pori hachimbi. Hulala juu ya ardhi kwenye majani, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi. Hao wenu wana mabaka meupe, na vitoto vyao vinazaliwa shimoni, uchi na vipofu. Ni wa kufugwa. Kabla hujawagusa, mweleze mwenyekiti wa mtaa, mwenye mali asije akarudi na kesi.

Lakini walikuwa wawili tu!

Jike na dume, basi hao ni wengi. Mimba ni kama mwezi mmoja, na jike hupandwa tena hata siku ileile aliyozaa. Kule Australia, mwaka 1859, Thomas Austin aliachia sungura 24 shambani kwake ili apate wa kuwinda. Mpaka leo nchi nzima inahangaika nao.

Niweke sumu? (Chumbageni)

Usithubutu. Wa kwanza kuila atakuwa kuku wa jirani, au mtoto.

Tafuta kizimba cha waya chenye mlango wa kujifunga. Kiweke karibu na shimo lao, mlango ufungwe kamba usianguke, ndani utie matembele au maganda ya ndizi. Waache waingie na kutoka siku kadhaa mpaka wazoee. Ndipo utege, jioni, maana hula magharibi na alfajiri. Asubuhi wahi kabla jua halijapanda: sungura hatoki jasho, na kwa joto letu la Februari atakufia kizimbani. Akinasa, funika gunia, gizani hutulia. Usimnyanyue kwa masikio, tafadhali! Mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya matako, la sivyo atapiga mateke mpaka avunjike mgongo.

Ukishawakamata, tenga madume na majike siku hiyohiyo. Dume akihasiwa, bado mtenge wiki kadhaa, mbegu hazimaliziki mwilini mara moja.

Mchicha wangu je?

Wavu wa kuku wenye matundu madogo, kimo cha mita moja hivi. Sentimita 30 nyingine zifukie, ukizikunja kuelekea nje. Wavu usiofukiwa ni hasara tu.

Tukawaachie msitu wa Amboni, wakajitafutie?

Hapana. Wengi wataliwa na kenge na mwewe ndani ya siku chache. Watakaopona watachimba mashamba ya watu wengine. Wapeni wafugaji, au mwulizeni afisa mifugo wa kata nani anahitaji.

Na kuwala? (Ngamiani)

Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi hapa kwetu, sungura ni halali akichinjwa ipasavyo. La zaidi muulize shehe wako. Mimi nakukataza kula sungura mgonjwa, na yeyote aliyetoka mtaa uliokwisha kumwagwa sumu. Mzima, muunge nazi.