Ukungu ndani ya mashine ya kutafutia pete baharini

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Ninatembeza wageni Paje, Unguja, na nina mashine ya kutafutia metali ambayo huzamishwa majini. Nikiipitisha kwenye mchanga mbichi hupiga kelele hata pasipo kitu, na juzi nimeona ukungu ndani ya kioo chake. Mgeni wangu amepoteza pete ya ndoa ya dhahabu. Je, niendelee kuitafuta?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Endelea, ila kwenye mchanga ulioachwa wazi na maji tu. Sahani ya koili, yaani ile unayoipitisha juu ya mchanga, imezibwa moja kwa moja kiwandani na inaweza kulowa; kisanduku chenye kioo ndicho kisichopaswa kuguswa na maji ya bahari mpaka ujue ukungu umetoka wapi.

Huenda ni unyevu wa hewa uliofungiwa ndani, na huenda ni maji ya bahari yanayopenya. Toa betri, kisha utazame vibati vinavyogusana nayo. Ukiona kutu ya kijani, mpelekee fundi aisafishe mapema, kwa sababu chumvi huendelea kula saketi hata baada ya maji kukauka.

Kinachozuia maji pale ni oringi, yaani pete ya mpira inayobanwa kati ya kifuniko na mwili wa mashine. Unywele mmoja au chembe moja ya mchanga ikilala chini yake, maji yamepata njia, na mchanga wetu wa pwani ya mashariki, ambao ni matumbawe yaliyosagika, ni mwembamba mno na hunasa kila penye grisi. Kwa hiyo osha mashine kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila utokapo pwani, ukiwa umeifunga, bila kuipiga kwa mpira wenye presha. Ikaushe, na ndipo uifungue ndani ya nyumba pasipo upepo. Toa oringi kwa ncha ya plastiki, kamwe si kwa kisu, kwa kuwa mkwaruzo kwenye mfereji wake huvujisha maji hata ukiweka mpira mpya. Ikiwa imepasuka, imekakamaa au imelala bapa, ibadilishe. Ikiwa nzima, ipake grisi ya silikoni kidogo sana, mpira ung'ae tu, baada ya kuhakikisha katika kijitabu cha mashine kwamba grisi inaruhusiwa, maana oringi iliyotengenezwa kwa silikoni huvimba kwa grisi hiyo hiyo. Vaselini na mafuta ya nazi, ambayo naona wengi wanayatumia, huharibu baadhi ya aina za mpira, tafadhali yaache. Kikague vilevile kizibo cha tundu la spika za masikioni, ambacho husahauliwa.

Kisha weka karatasi laini ndani ya chumba cha betri kikiwa kitupu, funga, na uzamishe kwenye ndoo ya maji baridi kwa nusu saa. Karatasi ikitoka kavu, chumba hicho kinazuia maji. Hata hivyo usiitumbukize baharini ikiwa imepata moto wa jua, kwani hewa ya ndani hupoa ghafla, husinyaa na kuvuta maji.

Kuhusu kelele, maji ya chumvi hupitisha umeme na mashine huyadhania metali. Chagua mpangilio wa pwani, punguza usikivu, na uishike sahani kwa kimo kimoja. Usizime sauti za bati na vizibo, kwa sababu pete ya dhahabu mara nyingi hulia kama kipande cha alumini. Chimba kila inapolia. Nenda wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, mwombe mgeni akuonyeshe alipokaa, na upite kwa mistari inayopandana kidogo, bila kuingia kwenye vigingi vya mashamba ya mwani. Usichelewe: dhahabu ya karati 18 ni nzito mara kadhaa kuliko mchanga wa ujazo uleule, na kila maji yanapojaa na kupwa huizamisha zaidi.